Panda kiluma mlangoni, lakini usikinywe

Mzee mmoja wa miaka 69 aliletwa kwenye kliniki yangu jijini Nairobi na bintiye, akishikwa mkono kama mtoto anayejifunza kutembea. Miguu ilikuwa imelegea, moyo ulidunda bila mpangilio, na kwa majuma kadhaa alikuwa akiharisha mara nne au tano kwa siku. Bintiye alidhani kisukari kimemzidi. Damu ilipopimwa, sukari haikuwa mbaya sana. Kilichonitia wasiwasi ni potasiamu, ile chumvi inayoendesha misuli na mapigo ya moyo. Ilikuwa imeshuka mno.

Nilimuuliza anakula nini na anakunywa nini. Akanyamaza. Bintiye ndiye aliyefungua mkoba akatoa chupa iliyokuwa ya sharubati, sasa imejaa maji ya rangi ya kahawia. Nilionja tone moja kwa ncha ya ulimi na papo hapo nikakumbuka utoto wangu Mutomo. Kilikuwa kiluma.

Kiluma ndilo jina ambalo Wakamba wa Kitui na Makueni huuita mshubiri. Wajaluo huuita ogaka, Wamaasai osuguroi, na watu wa mjini, bila kujali ni wa aina gani, huuita alovera. Ule wa kwetu si alovera ya dukani. Wataalamu wa mimea huuita Aloe secundiflora, yaani mshubiri ambao maua yake yote huelekea upande mmoja wa tawi. Ukisafiri kutoka Emali kwenda Wote, au ukapita barabara ya Kibwezi kwenda Mutomo na Kitui, utauona pembeni: majani manene ya kijani yaliyojipanga duara, meno ya kahawia kando kando, na mlingoti wa maua mekundu yaliyofifia. Alovera ya bustanini ina maua ya manjano na majani yenye rangi ya majivu.

Mzee huyu alikuwa akiletewa chupa kila wiki kwa basi kutoka upande wa Kathonzweni. Jirani alikuwa amemwambia kwamba nusu glasi kila asubuhi "huosha sukari". Alikuwa amekunywa kwa miezi mitatu. Wakati huo huo alikuwa akimeza dawa ya presha ya aina ya haidroklorothiazidi, ambayo hufanya kazi kwa kumkojoza mgonjwa. Basi potasiamu ilikuwa ikimtoka kwa njia mbili, kwa mkojo na kwa kuhara. Moyo ungeweza kusimama usiku mmoja, na nyumbani wangesema ni kisukari.

Tulimlaza, tukamrudishia maji na chumvi, na siku ya nne akatembea mwenyewe hadi msalani. Alipopata nguvu ya kubishana alibishana nami. "Mwanangu," aliniambia, "hii dawa mama yangu aliitumia, na alikufa mzee kuliko mimi."

Sikuweza kumkatalia. Nyanya yangu pia aliitumia. Lakini nyanya yangu alikunywa kijiko kimoja pale tumbo lilipokataa kwenda haja, labda mara mbili kwa mwaka, akakunja uso na kutema mate hadi jioni. Hakunywa nusu glasi kila asubuhi kwa miezi mitatu, na wala hakuwa na vidonge vya presha kwenye kabati.

Nimeeleza kisa hiki mwanzoni ili msomaji asidhani kwamba nauchukia mmea huu. Mimi mwenyewe ninao vitatu kwenye roshani. Nadhani kila nyumba ya mjini ingefaa kuwa na mmoja karibu na mlango wa jikoni, na kwa hiyo nianze na jinsi ya kuukuza.

MKEBE NA MCHANGA

Kiluma hufa kwa wingi mjini kwa sababu kinapendwa kupita kiasi. Mtu anakinunua, anakiweka kwenye chungu kizuri kisicho na tundu, anakimwagilia kila asubuhi pamoja na maua mengine, na baada ya mwezi majani yanalainika, yanakuwa kama yaliyochemshwa, na ukivuta kichwa kinatoka bila mzizi. Kimeoza.

Ukifikiria kinakotoka utaelewa. Ukambani kuna mvua mbili, za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, na kila mkulima wa Makueni atakuambia kwamba zile za mwisho wa mwaka ndizo za kutegemea kidogo. Katikati kuna miezi mirefu ya jua. Kiluma kimejipanga kwa hali hiyo. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa, na hapo hapo maji huponyoka. Kiluma hufunga vitundu vyake mchana na kuvifungua usiku kunapopoa, kisha huweka akiba ya maji ndani ya jani. Nyanya yangu aling'oa kimoja akakining'iniza juu ya mlango wa ghala, mizizi ikiwa hewani, na miezi baadaye kilikuwa bado hai na kilitoa ua. Mmea wa namna hiyo hauhitaji kumwagiliwa kila asubuhi.

Chukua mkebe wa Kimbo wa kilo mbili au ndoo iliyopasuka. Toboa matundu matano au sita chini kwa msumari. Weka kokoto kidogo, kisha changanya udongo na mchanga wa mto nusu kwa nusu. (Mchanga huo huenda ulitoka Ukambani, nusu ya majumba ya Nairobi yamejengwa kwa mchanga wa mito yetu, lakini hayo ni makala ya mtu mwingine.) Ukiwa unaishi Embakasi au Athi River, usitumie ule udongo mweusi wa mfinyanzi peke yake. Hushika maji kama sifongo wakati wa mvua na hupasuka kama sahani wakati wa kiangazi, na mizizi ya kiluma haipendi hata hali moja kati ya hizo mbili.

Alovera ya bustanini huzaa watoto wengi pembeni. Mtoto akifikia urefu wa kidole cha mkono, mtenge kwa kisu safi pamoja na mzizi wake. Hapa ndipo wengi hukosea: usimpande siku hiyo hiyo. Mlaze kivulini siku tatu hadi tano mpaka kidonda kikauke na kufunga, ndipo umpande, na usimpe maji kwa wiki ya kwanza. Kiluma cha kwetu hakizai watoto kwa wingi, aghalabu hukaa peke yake, kwa hiyo njia nzuri ni mbegu. Zisubiri zikauke kwenye mlingoti, zimwage juu ya mchanga wenye unyevu, funika kwa mchanga mwembamba na uwe na subira.

Kuhusu maji, tumia kidole chako badala ya kalenda. Kisukume ndani ya udongo hadi kiungo cha pili. Ukihisi ubaridi wa maji, ondoka. Kwa Nairobi, wakati wa joto la Januari na Februari, mara moja kwa siku kumi hadi kumi na nne inatosha. Kuanzia Juni hadi Agosti, jua linapojificha na watu wanavaa masweta, mara moja kwa mwezi ni nyingi. Mwaga kwenye udongo, si katikati ya majani.

Jambo moja la kiafya kuhusu mkebe wenyewe. Usiache sahani ya maji chini yake. Mbu wa Aedes, anayebeba dengi na chikungunya, hutaga mayai kwenye vyombo vidogo vya nyumbani kama hivyo, na wakazi wa Mombasa wanaikumbuka dengi ya mwaka 2013. Nyumba ambayo imeweka neti kitandani na sahani tano za maji roshanini imefanya kazi nusu.

Jua ni la lazima. Kiluma kilichowekwa kwenye kona ya sebule hurefuka shingo kikitafuta mwanga. Majani huachana, shina hulala, na baada ya mwaka kichwa chote kinaning'inia nje ya mkebe kama kamba. Wengine hupenda hivyo na hukitundika darini. Asiyependa anaweza kukikata kichwa pamoja na shina la urefu wa kidole, akakiacha kikauke kwa wiki, akakipanda upya. Usitupe kisiki, aghalabu huchipua tena pembeni. Lakini usikitoe gizani ukakiweka kwenye jua kali siku hiyo hiyo, kwani huungua na kuwa na mabaka ya kahawia. Kizoeshe kidogo kidogo kwa wiki mbili. Kikigeuka rangi kuwa nyekundu nyekundu wakati wa jua kali, usiwe na hofu. Kikipata maji na kivuli kidogo hurudi kijani.

NGOZI

Sasa tuje kwenye sababu ya kukiweka karibu na jiko. Ukikata jani la mshubiri utaona vitu viwili tofauti, na ajabu ni kwamba watu wengi huvichanganya. Chini ya ganda tu hutoka utomvu wa manjano, mchungu ajabu. Ndio uliotupa msemo wa "chungu kama shubiri". Katikati kuna nyama laini, angavu kama kamasi. Ile nyama ndiyo inayofaa kwa ngozi. Utomvu wa manjano huwasha ngozi ya baadhi ya watu, na ndio uliomwangusha mzee wetu.

Kata jani la chini kabisa, la nje, kwenye mmea uliokomaa. Lioshe. Lisimamishe ndani ya glasi, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika kumi au kumi na tano hadi utomvu wa manjano uchuruzike. Suuza, menya ganda, kisha tumia ile nyama. Kabla ya kuipaka mahali pengi, ijaribu kwanza ndani ya mkono na usubiri siku moja. Ukiona vipele, huo si mmea wako.

Kwa ngozi iliyoungua kidogo, ile iliyokuwa nyekundu bila malengelenge, na kwa ngozi iliyochomwa na jua, utafiti unaonyesha kwamba nyama ya mshubiri hupunguza maumivu na huenda ikaharakisha kupona. Lakini si huduma ya kwanza. Mtoto akimwagikiwa na chai au uji, kitu cha kwanza ni maji safi ya bomba, yanayotiririka, kwa dakika ishirini. Dakika ishirini ni ndefu, mtoto atalia, majirani watakuja na ushauri. Endelea. Usipake dawa ya meno, usipake mafuta ya kupikia, usinyunyize unga. Nimeyaona yote hayo mezani kwangu, na kazi ya kuyaondoa juu ya ngozi mbichi humwumiza mtoto kuliko moto wenyewe.

Kama kuna malengelenge, kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, kama ni usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye viungo, au kama mtoto ni mdogo, funika kwa kitambaa safi na mkimbilie hospitalini. Jani lililotoka bustanini si safi kama dawa ya hospitali, na kidonda kilicho wazi ni mlango wa vijidudu.

KUNYWA

Utomvu wa manjano una kemikali iitwayo aloini. Huchokoza utumbo mpana, huufanya ujikunje na kumwaga maji. Kwa karne nyingi madaktari wenyewe waliutumia kama dawa ya kufungua choo. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuondoa katika orodha ya dawa za kufungua choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Mwaka 2013 ikatoka ripoti nyingine ya huko huko: panya waliokunywa maji ya jani zima la alovera, ganda na utomvu pamoja, kwa miaka miwili, walipata uvimbe wa utumbo mpana, mwingine wa saratani. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO likaiweka dawa ya jani zima katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Panya si mtu, na mtu aliyeonja mara moja hana haja ya kukosa usingizi. Lakini mtu anayekunywa kila asubuhi kwa mwaka mzima anafanya jaribio lile lile juu ya utumbo wake mwenyewe.

Wako wengine ambao hawapaswi kuonja kabisa. Mama mjamzito, kwa sababu dawa kali ya kuharisha inaweza kuuchokoza mji wa mimba. Mama anayenyonyesha, kwa sababu kemikali hii huweza kupita kwenye maziwa na mtoto akaharisha. Na wale wanaopaka shubiri kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa, wajue kwamba mtoto anaimeza. Watoto wadogo. Wagonjwa wa figo. Na wote wanaotumia dawa ya presha inayokojoza, au dawa ya moyo ya digoksini, ambayo hugeuka sumu upesi pale potasiamu inaposhuka.

Kuhusu kisukari, nitasema ukweli kama ulivyo. Kuna tafiti ndogo zilizoonyesha kwamba alovera hushusha sukari kidogo. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuogopa kuichanganya na vidonge au insulini bila daktari kujua, kwa maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Na mtu anayeacha vidonge ili atumie kiluma peke yake hana kipimo: jani la mvua si jani la kiangazi, na chupa ya leo si chupa ya wiki ijayo.

Kwa malaria, ambayo wengi kwetu huichemshia kiluma, nenda ukapimwe, na ikionekana utumie dawa ya AL kama ulivyoelekezwa. Homa inaweza kutulia baada ya kikombe cha kiluma, kwa sababu homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe.

Hata kuku, ambao wafugaji wa Kitui na Makueni huwawekea vipande vya kiluma kwenye maji ya kunywa, hawajaponea hapo tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 juu ya mshubiri huu huu na ugonjwa wa Newcastle ulionyesha kwamba vifo vya kuku vilipungua, lakini kuku waliendelea kufa. Chanjo bado inahitajika.

VICHAKANI

La mwisho ni kwa wale wanaoagiza mshubiri kutoka mashambani bila kuuona. Kenya ina aina nyingi za mishubiri, na si zote ni ndugu wema. Upande wa Taita, ng'ambo tu ya mpaka wa kusini wa Makueni, kuna mshubiri mrefu kama mti uitwao Aloe ballyi. Ulipewa jina la Peter Bally, Mswisi aliyeichunguza mimea ya dawa na ya sumu ya Afrika Mashariki. Ukiuvunja hunuka kama panya. Una sumu ya jamii ile ile iliyo katika mmea ambao Socrates alinyweshwa huko Ugiriki, sumu inayolegeza misuli mmoja baada ya mwingine hadi ile ya kupumulia. Kaskazini mwa nchi kuna mwingine, Aloe ruspoliana, ambao watu wameutumia kuulia fisi. Vyote vina majani manene yenye meno. Ukishakatwakatwa na kuchemshwa, hakuna daktari wala mganga atakayekuambia ulikuwa upi.

Isitoshe, kung'oa mshubiri wa porini kwa biashara ni kosa. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku uvunaji wake baada ya mimea kumalizwa na wanunuzi wa utomvu. Mwaka 2007 zikatolewa kanuni zinazoiruhusu biashara hiyo kwa leseni, na mishubiri karibu yote, isipokuwa alovera yenyewe, iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Basi nunua kwenye kitalu, au omba mbegu kwa jamaa aliyepanda kwenye ua wake.

Mzee wangu alirudi kliniki baada ya miezi miwili. Potasiamu ilikuwa sawa, tulikuwa tumembadilishia dawa ya presha, na sukari ilikuwa inafuata vidonge. Alikuja na swali alilokuwa ameliandika kwenye karatasi. Kiluma chake, ambacho sasa kimo ndani ya mkebe kwenye roshani ya bintiye, ghorofa ya nne, kilikuwa kimetoa mlingoti wa maua. Je, aukate ili majani yapate nguvu? Nilimwambia auache. Chozi watakuja kunywa asali yake hata ghorofa ya nne, na ukikauka atapata mbegu.